Gari la Kupanda Mlima Lisiloufikia

Mkurugenzi wa kituo chetu cha figo huwaita watu wa chini pale tu anapotaka jambo baya lipate mwenyewe. Kukiwa na sifa, hatuitwi. Kwa hiyo siku nilipoitwa kwenye chumba cha mikutano, nikakalishwa meza kuu badala ya benchi la madereva lililo jirani na choo, nilijua nimekwisha.

"Karibu, mzee wetu," akasema.

Mzee wetu! Miaka yote naitwa "wewe dereva", leo nina ukoo.

Mezani kulikuwa na chupa ndogo za maji ambazo hakuna mtu aliyezigusa. Mkurugenzi alikaa chini ya picha yake mwenyewe, mdomo wa picha ukicheka na wake umefungwa. Pembeni alikuwepo mhasibu, ambaye hunyamaza mpaka Mkurugenzi amtazame, na kijana mmoja wa viatu vya ncha, bila soksi. Huyo alikuwa muuzaji wa magari ya umeme.

Kituo kilikuwa kinanunua gari la kubebea wagonjwa. Hili la dizeli ninaloendesha limechoka kuliko mimi. Mlango wake wa nyuma nimeufunga kwa mkanda wa suruali yangu ya zamani, na nikienda kusali huuombea huo huo usifunguke njiani. Nilikuwa nimeomba gari jingine mpaka midomo ikaota sugu.

"Matoleo yapo matatu, mzee," kijana akaanza, akifungua picha kwenye kompyuta. "Gari ni lile lile, viti vile vile, tofauti ni tumboni. La kwanza linaitwa Masafa. Betri kubwa, mota moja, inasukuma magurudumu ya nyuma. Hili linakwenda mbali sana. La pili ni Makucha. Betri ndogo, lakini mota mbili, moja mbele, moja nyuma. Magurudumu yote manne yanashika. Haliendi mbali kama Masafa, ila kwenye kupanda, hili linapanda hata ukuta."

"Na la tatu?"

"La tatu ni Kamili. Betri kubwa na mota mbili."

"Basi tuchukue hilo, tukale."

Mkurugenzi akacheka, mhasibu naye akacheka, muuzaji akaona bora acheke.

"Bajeti, mzee wetu," Mkurugenzi akasema. "Kamili ni zuri, lakini kituo hakilifikii."

Nikatazama dirishani. Mbele ya lango wamejenga bwawa la urembo, samaki wawili wa saruji wanatemeana maji mchana kutwa. Bajeti ya samaki ilipatikana.

"Sasa," akaendelea, "mimi sitaki kuamua peke yangu. Nimebandika tangazo ubaoni, na muhuri nimegonga, kwamba gari litachaguliwa na dereva wa njia. Wewe ndiye unayeijua njia. Sema. Masafa au Makucha?"

Sikuhitaji hata kumeza mate.

Njia yangu inaanzia kituoni, inapita mitaa ya chini, inavuka daraja, halafu inakwenda kwenye tambarare ndefu isiyo na nyumba wala kivuli, mpaka kwenye mlima wa udongo mfinyanzi. Madereva tunauita Mama Mkwe, maana huwezi kumwendea kwa kelele wala kumkazia macho. Unapunguza, unainama, unapita kwa adabu. Mvua ikinyesha hata adabu haisaidii. Juu yake kuna makazi, na huko ndiko nilikokuwa nikiishi na mke wangu.

Mke wangu naye alikuwa mgonjwa wa figo. Nilikuwa nambeba mwenyewe kwenye gari hili hili, kazi na ndoa vikawa safari moja. Asubuhi moja ya mvua matairi yalianza kuzunguka bure pale mlimani, kwenye kalavati lililobomoka. Tulisukumwa, tukawekewa mawe, tukawekewa magunia. Yeye alikaa kwenye kiti cha mbele na kitambaa chake kichwani, akiniambia nisitukane mbele za watu. Tulipofika kituoni, mashine yake ilikuwa imepewa mtu mwingine. Wakamwambia arudi siku nyingine. Hakuwahi kuiona siku nyingine.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeomba matairi mapya. Jibu la Mkurugenzi nalijua kwa moyo kama wimbo wa shule: "Tumia yaliyopo kwa ubunifu." Na barabara nayo ina mkubwa wake, ambaye huja kuipima kila kiangazi na hajawahi kuja masika.

"Makucha," nikasema.

"Una uhakika?"

"Magurudumu manne. Sitaki kusikia kingine."

Mkurugenzi akapiga meza kwa furaha. "Mmesikia wote! Kesho mtu asije akasema Mkurugenzi kaamua. Tutalijaribu kwanza, halafu mzee wetu atathibitisha mwenyewe."

Hiyo furaha ndiyo iliyonikaa vibaya. Tangu lini mimi na yule mtu tukapenda kitu kimoja? Lakini nilikuwa na hasira ya zamani imepata chakula, na mwenye njaa hachunguzi sahani. Nikaondoka nimenyoosha mgongo.

Alasiri hiyo niliwarudisha wagonjwa makwao. Mtu akitoka kwenye mashine ya kusafisha damu anasikia baridi hata jua likiwa kali. Wanaingia garini wamejifunika blanketi, meno yanagongana, na mimi nafungulia hita mpaka mwisho. Hita ya dizeli haina ubahili, injini ikiwaka joto lipo. Mimi nalowa jasho, wao wanatetemeka, ndivyo tunavyoishi.

Nyuma yangu alikaa shemeji, mdogo wake marehemu mke wangu. Ni mshonaji, anaishi juu ya Mama Mkwe, na maradhi yao ni ya familia. Tangu dada yake afariki amerithi kazi moja tu, ya kunisema.

"Shemeji, leo una shati la kola. Unaposa?"

"Nimeitwa kuchagua gari."

"Wewe kuchagua? Hata dada yangu hukumchagua, ulimkuta jirani."

Wagonjwa wakacheka ndani ya mablanketi. Nikawaeleza yote matatu, Masafa, Makucha na Kamili, na jinsi nilivyotia saini ya mdomo.

"Hilo Makucha lina hita?" akauliza.

"Lina hita."

"Hita ya umeme?"

"Sasa ulitaka iwe ya kuni?"

"Nauliza tu. Umeme wa hita unatoka wapi?"

"Kwenye betri, utoke wapi tena?"

"Ile ndogo."

Nikabadilisha gia bila sababu. Fundi saa, mzee mmoja anayekaa karibu na daraja, akakohoa. "Mimi nimewahi kutengeneza saa ya hivyo," akasema. "Kengele kubwa, betri ndogo. Ilimwamsha mwenyewe mara moja tu."

Wakacheka tena. Mimi damu ilinipanda. "Mnacheka! Mnajua dada yake alifia nini? Alifia matairi yanazunguka! Mimi nilikuwa nimeshika usukani, nyinyi mlikuwa wapi?"

Nikamwona shemeji kwenye kioo akivuta blanketi hadi kidevuni.

"Endesha, shemeji," akasema. "Hakuna aliyemsahau."

Siku ya majaribio nilikabidhiwa Makucha jeupe, kimya kama jokofu lililokatiwa umeme. Niliwasha, sikusikia kitu, nikawasha tena.

"Limeshawaka, mzee," muuzaji akasema.

"Limewaka wapi?"

Lilikuwa limelala kituoni likichajiwa kwenye soketi ya ukutani, ile ile wauguzi wanayochomekea birika. Soketi kubwa ya kuchaji haraka haipo, labda samaki wa saruji waliila. Asubuhi nikafanya nalo mzunguko wa kuwaleta wagonjwa wa mitaa ya chini, na shemeji alikuwa amelala kwa ndugu mjini. Alasiri tukaanza kuwarudisha wote. Mkurugenzi alikaa mbele na tai yake. Muuzaji alikaa katikati na wagonjwa, magoti yamegusa kidevu. Nikafungulia hita.

Kusema kweli ni gari tamu. Linaitika kabla hujamaliza kukanyaga. Nikawashusha watu mmoja mmoja, mpaka wakabaki shemeji na fundi saa. Tulipokaribia daraja Mkurugenzi akanyoosha kidole.

"Geuza hapo. Majaribio yametosha."

"Bado shemeji."

"Lile la dizeli linakuja nyuma na dereva mwingine, litamchukua. Leo."

Hiyo "leo" niliisikia ilivyokaa. Nikasimama katikati ya daraja.

"Na kesho?"

"Kuna mipango."

Muuzaji, maskini, hajui kunyamaza. "Mzee, si tumepiga hesabu mpaka hapa? Mimi niliambiwa njia inaishia darajani. Kwa njia ya darajani, Makucha linatosha na chaji inabaki."

"Kijana," Mkurugenzi akasema, "hilo si la leo."

"Liwe la leo," shemeji akasema kutoka nyuma. "Anayesemwa nipo."

Mkurugenzi akageuka na ule uso wa kwenye picha. "Mama, tunakuthamini sana. Lakini hatuwezi kununua betri kubwa kwa ajili ya mtu mmoja. Wagonjwa wa mbali watajifikisha darajani kwa usafiri wao."

"Usafiri wangu ni huu."

"Utaratibu, mama."

Usafiri wao! Ng'ambo ya daraja hakupiti hata baiskeli, ni upepo na nyasi mpaka mlimani. Mtu ametoka kwenye mashine, miguu kama uzi, atembee tambarare ile? Hapo ndipo nilipoona nimeuzwa. Alijua nitachagua Makucha. Alijua kwa sababu ya mke wangu. Alitaka kuifupisha njia, akatafuta mtu ambaye hakuna atakayemlaumu, akanipa mimi nichague gari la kupanda mlima ambalo halitaufikia huo mlima. Amechukua kaburi la mke wangu akaligeuza muhuri wa ofisi.

Nikafungulia hita mpaka mwisho, nikakanyaga.

"Wewe! Nimesema geuza!"

"Nalijaribu gari, Mkurugenzi."

"Simamisha! Nitakuandikia barua!"

"Andika, ila shika mkanda, tambarare ina mashimo. Muulize mkubwa wa barabara."

Fundi saa nyumba yake ilikuwa pale pale darajani, nikakumbuka sijamshusha. "Baba, nikurudishe?"

"Twende tu," akasema, macho yanang'aa. "Nyumba yangu haihami."

Mkurugenzi alianza kutoka jasho. Tai ikalegea, kola ikalowa. "Punguza hiyo hita, tunapikwa humu!"

"Wagonjwa wanasikia baridi."

"Ongeza, shemeji," kukatoka sauti nyuma. "Miguu bado."

Mama Mkwe alikuwa ameloa, mvua ilimpitia usiku. Nilimsogelea kwa adabu zangu zote, na gari likapanda. Likapanda kama paka anavyopanda ukuta wa jirani. Nilisikia magurudumu yakishika moja moja, la mbele likiteleza la nyuma linadaka. Tulipita kwenye kalavati, pale pale, na halikuyumba. Nikataka mke wangu angekuwepo alione. Halafu nikachukia kwamba limepanda, kwa sababu lilikuwepo duniani muda wote huo, kwenye duka la mtu, limefunikwa turubai, wakati yeye amekaa kwenye matope ananikataza kutukana.

Juu, shemeji alishuka taratibu, akakunja blanketi, akaja dirishani kwangu. Hakuwatazama wale wengine.

"Limepanda vizuri," akasema.

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Sasa lirudishe." Akanionyesha kioo kidogo cha dashibodi, mahali namba za chaji zilipo. Nilikuwa sijazitazama tangu darajani. "Shemeji, mimi huu mlima nitashushwa hata mgongoni mwa mtu. Watu wapo, migongo ipo. Chaji ataibeba nani?"

Nililikasirikia lile swali kuliko nilivyomkasirikia Mkurugenzi.

Tukateremka. Nilizima hita ili chaji itufikishe, na fundi saa akaanza kutetemeka ndani ya blanketi lake, meno yakipiga mlio wa kazi yake. Hivyo ndivyo shemeji angetetemeka kila safari, kama nisingemwelewa. Katikati ya tambarare ikatokea picha ya kobe kwenye kile kioo cha chaji.

"Hiyo ina maana gani?" Mkurugenzi akauliza.

"Kwamba twende taratibu," muuzaji akasema kwa sauti ya msibani.

Tukaenda taratibu. Halafu tukasimama. Daraja tuliliona kwa mbali, halikuja kutupokea.

Mkurugenzi alishuka kupiga simu, viatu vyake vikamezwa na matope mpaka kamba. Upepo ukampata na lile jasho lote alilolitoa, akajikunyata. Sikumwonea huruma, na sitaki kudanganya hapa.

"Umeharibu majaribio," akanifokea.

"Hayo ndiyo majaribio. Umeyaona."

"Nimeona ukaidi! Gari lilikuwa la darajani!"

"Mgonjwa si wa darajani."

"Sasa thibitisha tuondokane na haya. Makucha. Ulisema mwenyewe, mbele ya mashahidi."

"Masafa."

Akanitazama kama aliyeona mbwa anasoma. Muuzaji akaweka mkono mdomoni.

"Masafa halipandi ule mlima mvua ikinyesha. Mota moja. Wewe mwenyewe ulipiga kelele mkutanoni, magurudumu manne, magurudumu manne." Kisha Mkurugenzi akasogea, akashusha sauti, akasema lile alilokuwa amelitunza. "Kumbe umeshamsahau mkeo?"

Mkono wangu ulikunjika. Fundi saa aliuona, akagonga kioo kutoka ndani.

"Mkurugenzi," nikasema, "mke wangu alinikataza kutukana mbele za watu. Ndiyo pona yako. Andika Masafa."

"Nikikataa?"

Fundi saa akateremsha kioo kidogo, akatoa pua tu. "Ubaoni umebandika, dereva wa njia ndiye mchaguaji. Na muhuri umegonga. Sisi wagonjwa tunakaa mbele ya ule ubao kutwa nzima tukisafishwa damu, hatuna kingine cha kusoma. Ukilibandua lile tangazo tutaanza kuulizana kwa sauti."

Mkurugenzi akafungua mdomo, upepo ukaingia, akaufunga. Tulikaa pale mpaka dizeli yangu ikaja kutuvuta, imefungwa mkanda wa suruali, inatoa moshi kama imeshinda kesi.

Nilipofika nyumbani sikuweza kukitazama kiti cha mke wangu, nilichohama nacho kutoka mlimani nikakiweka karibu na mlango. Mtu uliyemzika kwa ajili ya magurudumu, halafu unaacha magurudumu yapite. Nilimwambia hivyo kimoyomoyo. Kama alinijibu, sikusikia.

Masafa lilikuja. Njia haikukatwa, maana sababu ya kuikata ilikwisha, chaji inakwenda mpaka mlimani na kurudi na hita imefunguliwa njia nzima. Juma lile lile likaja na gari jingine, likiwa na utepe kwenye boneti. Kamili. Betri kubwa, mota mbili. Ni la Mkurugenzi, kwa ajili ya ukaguzi wa miradi. Hiyo bajeti ilikuwa ya fungu tofauti, mhasibu alisema, baada ya kutazamwa. Linaegeshwa kwenye kivuli karibu na wale samaki, na matairi yake hayajawahi kugusa udongo mfinyanzi.

Siku za kiangazi Masafa linapanda vizuri tu. Mvua ya kwanza ilipomwagika nilijaribu kidogo, nikasikia magurudumu ya nyuma yanaanza ule mzunguko ninaoujua. Sikubishana. Nikarudi nyuma, nikaegesha upande wa chini wa kalavati, nikakunja suruali, nikapanda Mama Mkwe kwa miguu. Shemeji alikuwa ameshajitayarisha, amekaa mlangoni na mfuko wa nailoni kichwani.

"Wenye migongo wako wapi?" nikamuuliza.

"Wameenda vibaruani. Nilijua wewe utakuja."

"Mimi ni mzee."

"Na mimi sijakula, kwa hiyo si mzito. Inama."

Nikainama. Nikamshusha hatua kwa hatua, vidole vya miguu nimeving'ang'aniza kwenye tope, magoti yanalia. Kila hatua nilimtaja mtu: hii ya mkubwa wa barabara, hii ya mhasibu, hii ya Mkurugenzi, hii ya Mkurugenzi tena. Pale kwenye kalavati niliteleza kidogo, akanikaba shingo.

"Shemeji, mbele hushiki."

"Nyamaza, nitakuangusha."

"Mota moja, ya nyuma, tena imechakaa," akasema sikioni mwangu, na akacheka kile kicheko cha dada yake, nikalazimika kusimama kidogo. Nilimwambia nimesimama kupumzika.

Nikamweka kwenye kiti cha mbele, nikamfunika, nikafungulia hita. Langoni tulipita kando ya Kamili, linameremeta mvuani. Mkurugenzi alikuwa barazani na mwavuli, akatupungia mkono kama mtu aliyetuwezesha. Shemeji alimpungia, yeye ana roho yake. Mimi mikono yangu ilikuwa na matope, na iko kwenye usukani.

Mashine yake ilikuwa bado inamsubiri. Simshukuru mtu.